Shingo nilifunzwa na ndoo

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje utembee na kukaa vizuri bila kuonekana unaringa. Umesema una futi 5 na inchi 10, umeanza kazi ya mapokezi, na wenzako wanakwambia unatembea kama unawahi basi huku mabega umeyakunja. Nami ni mrefu na hayo niliambiwa, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nimekulia Pangani, na nyumbani kwetu bomba halikuwepo. Nilianza na kidumu cha lita 5, nikafika darasa la sita nabeba ndoo ya lita 20 kichwani. Hizo ni kilo 20. Bibi alinisokotea ngata kwa kanga kuukuu, akaniambia, "Macho yaende, shingo ibaki." Mengine nilifunzwa na ndoo yenyewe. Ukigeuza shingo ghafla, maji yako mgongoni. Ukitupa hatua ndefu yanaruka, hata kama umeweka majani juu. Basi mwili unajipanga wenyewe: hatua inapungua, mguu unatua polepole, kiuno na magoti ndivyo vinavyohangaika, kichwa kimetulia. Ukitaka kutazama kando unageuka mzima. Ukitaka kushuka unakunja magoti, mgongo unabaki wima.

Kuhusu hofu yako ya kuonekana unaringa. Mwaka 1986 ulitoka utafiti uliowapima kina mama wa Kenya waliozoea mizigo mizito, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Ilionekana wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Baadaye watafiti wakaeleza kwamba siri imo kwenye mwendo: mwili unakwenda kama bembea, nguvu ya hatua moja haipotei, inaisukuma inayofuata. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yangu, mwanamke mwembamba aliyetoka shamba na tenga la mihogo huku anapiga soga njia nzima. Watu walisema ana madaha. Kumbe alikuwa anatunza nguvu zake. Kwa hiyo atakayesema unaringa mwache aseme, wewe unatembea mwendo usiokuchosha.

Sasa kazi iliyoninoa ukubwani. Kwa miaka 9 nimekuwa nagawa chakula kwenye shughuli za harusi, hapa Dar na kwetu Tanga. Unajua mambo yalivyo: wanawake wamejaa kwenye mikeka, miguu kila upande, watoto wamelala katikati, na wewe una sinia la pilau la watu watano mikononi. Kumruka mtu miguu ni adabu mbaya, na kumpa mtu makalio usoni ni mbaya zaidi. Unasimama kwanza, unaitazama njia yote hadi unakokwenda, unasema "naomba nipite mama", unasubiri miguu ikunjwe, ndipo unaingia. Ukifika, goti moja chini, la pili linafuata, sinia linatua bila mlio.

Katika shughuli yangu ya pili au ya tatu nilikuwa napanda ngazi nimevaa dera, mikono yote imeshika sinia. Nilikanyaga pindo, nikaenda chini na pilau lote, bibi mmoja mtu mzima akaunguzwa mkono. Alinisamehe palepale, ila mimi usiku ule sikulala. Tangu siku hiyo dera nalipandisha na kulifunga kiunoni kwa leso kabla sijashika kitu. Na nilipolitafakari lile anguko niliona jambo ambalo nimeendelea kuliona kwa kila mtu: hatuharibikiwi tukiwa tunatembea. Tunaharibikiwa pale tunapobadilisha, yaani kuinuka, kukaa, kugeuka, kuvuka kizingiti, kuanza ngazi. Hapo ndipo tuna haraka. Wewe hapo ndipo upunguze, pumzi moja tu inatosha.

Kwa kazi yako ya mapokezi, mgeni akiingia usichomoke kitini. Rudisha nyayo chini ya magoti, egemeza kifua mbele kidogo, inuka kwa mapaja, mikono isisukume meza. Ukiitwa kwa nyuma, geuka na mabega yako yote, usijibu kwa shingo. Mchuchumio sikushauri mpaka mwendo wa kiatu cha chini utulie, na urefu unao tayari.

Mabega yaliyokunjwa nayajua. Msichana mrefu anajikunja ili alingane na wenzake, anaona anafanya heshima. Heshima ya kwetu haiko mgongoni. Ukipita barazani penye wazee, punguza mwendo, simama, uwaelekee, toa shikamoo yako, subiri marahaba, ndipo uendelee. Inachukua sekunde chache na hakuna atakayeuliza una futi ngapi.

Daladala, zile Hiace hasa, ni mtihani kwa sisi warefu kwa sababu ya paa. Shika chuma, panda, kunja magoti na uteremshe kidevu, usijipinde mgongo kama ndoana. Teksi au gari dogo, kaa kwanza, kisha ingiza miguu yote miwili pamoja. Bodaboda kwa kukaa upande siipendi hata kidogo, ni hatari, vaa suruali ndani ya dera ukae sawasawa.

Ukitaka kuanza leo, sokota kanga iwe ngata, tia maji lita 3 kwenye sufuria ndogo isiyo na mfuniko, utembee uani kutoka ukutani hadi mlangoni, ugeuke, urudi. Dakika 10 kila jioni. Usiishike kwa mkono. Wiki ya kwanza utalowa, kwa hiyo vaa nguo ya kushindia.