Mbwa Wangu Ana Saratani, Nimpe Mafuta ya Bangi?

SWALI: Daktari, mbwa wangu ana saratani ya mfupa wa mguu. Anameza dawa ya maumivu kila siku, lakini usiku bado analia. Je, mafuta ya bangi yatamsaidia?

JIBU: Pole sana. Kilio hicho kinaniambia dawa anayopewa haitoshi, kwa hiyo mrudishe kwa daktari wake mapema. Zipo dawa za kuongeza, ipo mionzi, na wakati mwingine kukata mguu ndiko kunakoondoa maumivu. Mbwa wengi hutembea vizuri kwa miguu mitatu.

Kuhusu mafuta, tofautisha kemikali mbili za bangi, THC na CBD. THC ndiyo inayolevya, na mbwa huathirika nayo vibaya: hupepesuka, hujikojolea, mapigo ya moyo hushuka. Usimpe kabisa. CBD hailevyi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kuwa miligramu 2 za CBD kwa kila kilo ya uzito wa mbwa, mara mbili kwa siku, zilipunguza maumivu ya viungo vilivyochakaa. Viungo, si saratani! CBD pia hupandisha vimeng'enya vya ini (kemikali zinazopimwa kwenye damu kujua hali ya ini) na huweza kuingilia dawa nyingine. Mwonyeshe daktari chupa yenyewe kwanza, na dawa ya sasa usiikatize.