Fundi Anajibu: MGB Yangu Inalala Kwenye Kona

SWALI: Shikamoo mzee. Nimenunua MGB, lile gari dogo la spoti la Kiingereza, ya wazi ya mwaka 1975, ile yenye bampa nyeusi za mpira. Injini iko safi, lakini kwenye kona inalala ubavu, na kwenye barabara mbovu nyuma inarukaruka. Wenzangu wananishauri nibadilishe vyote kwa mpigo: springi fupi na ngumu, bushi (zile pete laini za kwenye maungio) za poliyurethini, yaani plastiki ngumu, kila mahali, na shokapu za bomba, zile ndefu za kawaida, mbele na nyuma. Pesa ninayo, ila sitaki kuliharibu gari. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pesa iweke kando kidogo, tulitazame gari lenyewe.

Kulala huko kuna chanzo chake. Mwishoni mwa 1974 kiwanda kiliinua MGB kwa takriban sentimita mbili na nusu ili bampa zifikie kimo kilichotakiwa na sheria za Marekani. Wakati huohuo kikaondoa stabilaiza ya mbele, ile fito ya chuma inayozuia bodi isiegemee upande mmoja. Ilirudishwa kwenye modeli ya 1977, na ya nyuma ikaongezwa. Lako limeangukia hapo katikati: limeinuliwa, na kama mwenye gari wa zamani hakuifunga mwenyewe, stabilaiza halina. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ningekwambia ununue. Chukua ya inchi 5/8. Ile nene ya inchi 7/8 waachie wanaoshindana, kwa sababu ikifungwa mbele peke yake, pua ya gari inasukumwa nje ya kona hata ukikata usukani.

Ila kabla ya kununua hata hiyo, piga jeki mbele. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, kisha utikise tena. Kucheza kukiisha, tatizo ni beringi. Kukibaki, ni kingpini, ile nguzo ambayo gurudumu la mbele linageukia unapokata usukani. Kingpini za MGB hufa kwa kukosa grisi tu. Kila upande una nipo tatu, yaani vichuchu vya kuingizia grisi, na zinataka grisi kila baada ya kilomita 5,000 hivi, magurudumu yakiwa hewani, maana uzito wa gari ukiwa juu yake grisi haipenyi vizuri. Soma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa matairi: 3211 ni wiki ya 32 ya mwaka 2011. Tairi la umri huo limekauka, na hakuna springi itakayolifanya lishike barabara.

Sasa hizo springi fupi. Hapa nakuomba unisikilize sana. Mikono ya chini ya mbele, vile vyuma vinavyounganisha gurudumu na chesisi, ilipangwa ikae karibu usawa na ardhi. Ukilishusha gari kupita kiasi, inaelekea juu kuanzia kwenye chesisi kwenda kwenye gurudumu, na kitovu ambacho bodi inalalia kinashuka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Nguvu ya kuliangusha ubavu inaongezeka, ndiyo maana wenye springi fupi wanalazimika kutafuta springi ngumu zaidi. Tena nafasi ya gurudumu kupanda inapungua, na kwenye kila shimo mikono inagonga zile raba zinazoizuia isipande zaidi. Springi mpya za kimo na ugumu wa kawaida zinatosha kwa gari la barabarani.

Bushi badilisha, ndiyo, lakini mikono ya chini ya mbele ifungie zile za MGB GT V8, gari la miaka ya 1973 hadi 1976. Ni raba iliyoshikamana na bomba la chuma. Zinakaza usukani bila kukuletea mtetemo kiunoni. Poliyurethini iweke kwenye viungo vya stabilaiza, inafaa hapo. Nyuma kwenye springi za mabapa baki na raba, kwa sababu ekseli ikijipinda, jicho la springi linahitaji kujinyonga kidogo.

Shokapu za nyuma ndizo ninazozishuku kwa huko kurukaruka. Za gari lako ni za mkono: kisanduku chenye mafuta ndani, na mkono wa chuma unaopanda na kushuka pamoja na ekseli. Fungua kiungo kinachoushika mkono huo na ekseli, kisha inua na ushushe mkono wake taratibu. Mkono huo unapaswa kukupinga kwa ukinzani uleule mwanzo hadi mwisho. Ukikuta sehemu legevu, mafuta yamepungua: jaza, tikisa hewa itoke, jaribu tena. Zikivuja kwenye shafti, tafuta zilizofanyiwa ukarabati kamili. Ukizitaka sana za bomba, nyuma sikukatazi. Mbele ziache, kwani shokapu ya mbele ya MGB ndiyo pia mkono wa juu wa gurudumu. Ukifunga ya bomba, mara nyingi ile ya zamani inabaki palepale ikibeba kazi ileile, nawe umelipia kifaa cha ziada.

Fanya kitu kimoja, liendeshe kwa wiki kadhaa, ndipo uguse kingine. Ukibadili vyote siku moja hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuumiza.

Na boliti za bushi za raba usizikaze gari likiwa kwenye jeki. Zishike kwa mkono, teremsha gari likae kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma mara chache, ndipo ukaze. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba inabaki imejinyonga muda wote na itachanika mapema.