Kwa nini wakulima wa zabibu Ufaransa wanahamia kilimo hai: jibu kwa mdau wa Hombolo

Mkuu, umeuliza kama wakulima wa zabibu za mvinyo huku Ulaya wanahamia kilimo hai, yaani kulima bila mbolea na dawa za viwandani, kwa ajili ya bei, na kama wewe mwenye ekari mbili Hombolo, Dodoma, uwafuate. Mimi ni mtoto wa Dodoma, nafanya kazi kwenye mashamba ya zabibu Gironde, jirani na Bordeaux. Wadau wengi waliokujibu kabla yangu wamesema ni soko. Mimi naona tofauti.

Bei ipo, ila si yenyewe inayomhamisha mtu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakutaka ulime miaka 3 kwa masharti ya kilimo hai ndipo uruhusiwe kuandika hivyo kwenye chupa. Miaka yote hiyo gharama zinapanda, mavuno mara nyingi yanashuka, na huwezi kudai bei ya kilimo hai. Halafu soko la Bordeaux lenyewe limedorora kiasi kwamba mwaka 2023 ulianzishwa mpango wa kumlipa mkulima euro 6,000 kwa hekta ang'oe mizabibu yake. Anayefuata pesa tu haingii humo.

Wengi ninaowajua wamehamishwa na hofu ya dawa. Mzee niliyeanza naye kazi, baba yake alikuwa akipulizia arseniki kuzuia ugonjwa unaokausha shina. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 2001. Huyo baba sasa kikombe cha kahawa anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Hakuna daktari aliyesema kwa uhakika ni dawa, lakini mwanawe hakusubiri aambiwe. Na si yeye peke yake anayewaza hivyo: mwaka 2012 Ufaransa iliuweka ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, kwa wakulima walioshika viuatilifu kwenye orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi, na 2015 ikaongeza aina ya saratani ya tezi za limfu.

Kuna na sisi vibarua. Dawa ikishapulizwa, kutegemea ukali wake, hatukanyagi shamba kwa muda wa saa 6, 24 au hata 48. Mwezi wa sita, matawi yanapokua mbio na yanataka kufungwa kwenye waya, siku mbili za kukaa nje zinauma. Pia nyumba na shule zimepakana na mistari ya mizabibu, na majirani siku hizi hawanyamazi.

Ila usidhani kilimo hai maana yake bomba linatundikwa ukutani. Tunapulizia, tena mara nyingi kuliko jirani! Ni mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa kwa ubwiri vinyoya, salfa kwa ubwiri unga, magonjwa mawili ya ukungu yanayoshika mizabibu. Shaba haiingii ndani ya jani, inakaa juu tu. Mvua kubwa ikipiga imeoshwa, unarudi na trekta. Na ina kikomo: kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7. Palizi nayo ni jembe la trekta linalokwepa shina kwa shina, na dereva akisinzia kidogo mzabibu umelala. Mwaka 2023 ubwiri vinyoya uliimaliza Merlot, aina ya zabibu nyekundu, za watu wengi huku. Hata Château Pontet-Canet, shamba kubwa lenye jina, walioanza kilimo hai 2004, walishindwa na ugonjwa huo 2007, wakapiga dawa za viwandani, wakaanza upya hadi wakapata cheti 2010. Wapo wadogo walioachana na kilimo hai kabisa, na siwalaumu.

Sasa Hombolo. Kwa hali ya hewa uko pazuri kuliko sisi. Zabibu za kuvuna mwezi wa nane na wa tisa zinakua kiangazi, ubwiri vinyoya hauna nguvu, na ubwiri unga unatulizwa na salfa, ambayo kilimo hai kinairuhusu. Shida itakuwa mavuno ya masika, mwezi wa pili na wa tatu. Lakini kwenye cheti huwezi kugawa msimu, kwamba kiangazi hai, masika unapiga chochote. Shamba ni lile lile.

Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na alama ya Kilimohai, ile ya cheti cha kilimo hai Afrika Mashariki, nenda kwa anayenunua zabibu zako au mchuzi wake (maji ya zabibu zilizokamuliwa) umuulize ataongeza shilingi ngapi kwa kilo. Akisema hata moja haongezi, bado unaweza kuacha dawa ya magugu na kuongeza samadi bila cheti cha mtu. Umepanda aina gani ya zabibu, Makutupora nyekundu au Chenin? Na maji ni ya kisima au unategemea mvua? Jibu hapa nikuambie ningeanzia wapi.