Kabla Hujaandika "Prisons Yafungwa"

Kila mwandishi chipukizi anayeletwa kwenye dawati la michezo hapa Dar es Salaam hugundua, ndani ya wiki yake ya kwanza, kwamba "kufungwa" ni kutiwa bao na pia ni kutiwa gerezani, na siku timu ya Jeshi la Magereza inapopoteza mechi huandika "Prisons yafungwa" akidhani hakuna aliyewahi kuliwaza jambo hilo. Simlaumu, kwani nami nililiandika. Utani huo umechakaa. Hata hivyo, sare ya 0-0 inaweza kukupa "Prisons yagoma kufungwa", ambayo angalau inaeleza matokeo.

Jambo linalowaangusha wengi zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Simba, tangu ilipoacha jina la Sunderland mwaka 1971, ni klabu na ni mnyama kwa wakati mmoja, lakini kiambishi kimoja tu huamua ni yupi anayezungumzwa: "Simba yajeruhiwa" ni timu iliyopoteza, ilhali "Simba ajeruhiwa" humpeleka msomaji moja kwa moja mbugani. Ukitaka maana zote mbili zisimame pamoja, tumia jina la utani, kama "Mnyama ajeruhiwa Kirumba" (Kirumba ni uwanja wa mpira jijini Mwanza), au panga kichwa kisicho na kitenzi kabisa.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni "kiporo", kwa kuwa wali uliolala na mechi iliyoahirishwa vyote huliwa baadaye, na vyote huweza kumdhuru mlaji. Mwaka wangu wa kwanza kazini, timu moja ilipopoteza mechi yake ya kiporo, niliandika kwa fahari "Kiporo chachacha". Msanifu kurasa alicheka, mhariri akapitisha, gazeti likaenda mtamboni. Asubuhi yake mtangazaji wa redio alikisoma kichwa hicho kama anayetaja mtindo wa dansi, na nilipofika kwenye meza ya magazeti karibu na kituo cha daladala nilimkuta mzee mmoja, wa wale wanaosoma vichwa vya habari bila kununua, akimuuliza mwenzake, "Kwani nani kacheza na nani?" Sikuwa nimetaja timu hata moja. Siku hizi huandika kwanza jina la timu na kilichotokea, ndipo hutafuta utani, kisha hukisoma kichwa kwa sauti mbele ya mtu asiyefuatilia mpira.

Majeraha na misiba msiiguse.

Zipo pia siku ambazo mechi yenyewe imekwisha kucheza na maneno kabla yenu. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5-1, na mwandishi aliyekesha usiku huo akitafuta tamathali alijisumbua bure, kwa sababu watu vijiweni walikuwa tayari wananyoosha vidole vitano bila kusema neno.