Re: Nimeitwa mwizi kwenye kundi la WhatsApp la kikundi chetu, nishtaki?

Ndugu, umeuliza kama umpeleke kortini mwenzako aliyeandika kwamba umekula pesa za kikundi. Yalinipata hapa Kakamega, nikiwa mweka hazina wa kikundi cha isukuti, ngoma ya kitamaduni ya Waluhya. Tulicheza matangani, tukalipwa, nikatoa hela ya kuwamba upya ngoma iliyopasuka ngozi. Jamaa akatangaza kundini eti ngozi niliipata bure, pesa nimetia mfukoni.

Polisi usihangaike nao. Kifungu 194 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichofanya kashfa (yaani kumchafulia mtu jina) kuwa jinai, kilitupwa na Mahakama Kuu Februari 2017. Mahakama ya Madai Madogo pia sahau. Sheria yake ya 2016 inakataza kesi za kashfa. Inabaki kesi ya madai ya kawaida, nayo ina miezi 12 tu tangu maneno yatoke. Wengi hukaa wakingoja wazee wapatanishe, muda ukawapita.

Wakili wangu hakuanza na matusi yenyewe. Aliuliza: nani wamo humo kundini? Maana mwanachama akilalamika kwa kamati kwa nia njema, sheria humpa kinga. Ila kundini mwetu walikuwemo hata watu wanaotukodi kwa harusi! Hapo kinga yake ikalegea. Skrinshoti nazo hazitoshi peke yake, zinataka cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kwa hiyo simu yenyewe usiiuze wala usifute kitu.

Tukamwandikia barua: afute, aombe radhi palepale aliponichafulia jina. Huku nyuma nikamwomba mwenyekiti aitishe kikao. Niliiletea kamati taarifa ya M-Pesa na daftari la risiti, na mzee aliyewamba ngoma akaja mwenyewe. Akaibana kwapani, akaipiga kidogo, akataja bei yake. Maswali yakaisha. (Chai ya siku hiyo nililipa mimi, na risiti nikaiweka.)

Radhi ilikuja mstari mmoja, bila hata salamu. Niliipokea. Ningeendelea na kesi, utetezi wake mkubwa ungekuwa kwamba alisema kweli, na ni daftari lilelile ambalo hakimu angeliomba.

Sasa tuambie: risiti unazo? Na ujumbe ule uliandikwa tarehe gani?