Shangazi, Mke Wangu Anazuia Wito Wangu

Shikamoo Shangazi. Mungu amenionyesha kusudi langu: kuwasaidia watu wagundue kusudi lao na kuliishi. Mwaka jana niliacha kazi ya uhasibu ili nifundishe kwa uhuru. Mke wangu hana maono. Kila siku ni kodi na ada, kodi na ada. Sasa amekataa kutia saini mkopo wa kukuza huduma, na amehamia chumba cha watoto. Nashukuru yupo dada mmoja katika huduma anayenielewa. Nifanyeje ili mke wangu naye aelewe? – Mwenye Wito

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulala peke yako. Pole imeishia hapo.

Nimeisoma barua yako nikimtafuta huyo mke mkorofi, sikumwona. Nilimwona mwanamke anayebeba nyumba nzima kwa kipato chake. Hukuandika nani analipa hiyo kodi na ada, ila ungekuwa unalipa wewe, ungeandika. Wala hukusema kama mlikaa chini mkashauriana kabla hujaacha kazi. Hamkukaa. Aliletewa habari ikiwa imeshaiva, nawe ukangoja vigelegele. Na mkopo huo, asiye na mshahara ataulipa kwa fedha gani? Unamwomba asaini deni lake mwenyewe. Amefanya vyema kukataa.

Wito wako siupingi. Watu waliopotea njia ni wengi, na anayewasaidia kujua Mungu amewaumbia nini anafanya kazi njema. Ila fungua Matendo ya Mitume sura ya 18. Paulo, mtume mzima, yuko Korintho anashona mahema pamoja na Akila na mkewe Prisila, maana ufundi wao ulikuwa mmoja. Baadaye, kule Efeso, mke na mume hao ndio waliomchukua Apolo, mhubiri hodari ambaye bado alikuwa na mapengo, wakamweleza njia ya Mungu vizuri zaidi. Si ndiyo kazi unayoitaka wewe? Wao waliifanya wawili, na hawakuona aibu kuwa mafundi. Daudi naye alipakwa mafuta na nabii Samweli awe mfalme, lakini mfalme Sauli alipotuma watu kumwita, alikuwa bado na kondoo wa baba yake. Na 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Semina zako zinaurukaje mstari huo?

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Zamani mume akitaka kuikimbia nyumba yake alisingizia safari. Leo anamsingizia Mungu, na mke akiuliza unga uko wapi anaambiwa anapigana na upako. Na kina mama msicheke, wapo wenzenu ambao hawakosi mkesha hata mmoja lakini hawajui watoto wamelala wamekula nini. Mtu akishasema "Bwana ameniambia", mwenzake atabishana na nani? Basi mazungumzo yamekufa, mnabaki wapangaji wawili.

Huyo dada anayekuelewa, anaelewa nini hasa? Maono anayasikia, ila kodi yako haimhusu, wala hajawahi kumwambia mtoto wako kwamba ada haipo. Hata mimi ningekuelewa. Kama mna simu za maombi za usiku, ziishe leo.

Sasa tafuta kazi. Wewe ni mhasibu, vitabu vya hesabu vya kuandika havikosekani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jioni na mwisho wa wiki kaa na watu wawili watatu, uwasaidie bure, uone kama wanasaidika kweli au wanakupigia makofi tu. Karatasi za mkopo chana.

Halafu mke wako. Wageni unawauliza Mungu amewapa nini cha kufanya duniani. Yeye umewahi kumuuliza? Barua nzima sijaona dalili. Muulize, na akianza kujibu usimkatize kwa mstari wa Biblia. Ukimaliza kumsikiliza niandikie amesema nini.