Moyo unanienda mbio nikisimama mbele ya watu, je mimi ni mwoga?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikoba chetu, kila nikisimama kusoma mahesabu moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, tumbo linanisokota mpaka natafuta choo. Wenzangu wananiambia jikaze, nimejikaza weee lakini wapi. Nina tatizo gani? (Mama Wawili, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Huna tatizo, na hilo la jikaze mi sikubaliani nalo hata kidogo, maana mishipa ya fahamu inayoendesha moyo, mate na utumbo haipokei amri yako, inajiendesha yenyewe hata ukiwa umelala fofofo. Kuna upande unaouandaa mwili upigane au ukimbie, mwanasayansi Walter Cannon wa Marekani aliueleza mwaka 1915, na kuna upande wa kutuliza. Ukiona macho yote yamekugeukia ubongo unahesabu hatari, adrenalini, yaani homoni ya kuushtua mwili, inamwagika toka tezi za juu ya figo, mate yanapungua, utumbo mpana unaanza kusukuma, ndo hicho choo unachokitafuta.

Sasa sikia hii, kila nikiifundisha inanishangaza. Moyo ukikatiwa mishipa yote ya fahamu hausimami, unadunda wenyewe kama mara 100 kwa dakika. Wewe ukiwa umetulia unadunda 60 mpaka 80 hivi kwa sababu mshipa unaoitwa vagasi, unashuka toka kwenye ubongo kupitia shingoni, unaushikilia muda wote kama breki. Na breki hiyo ni ya kale mno: papa wa hapo baharini kwetu anayo, ila mishipa ya kuharakisha moyo hana, anategemea adrenalini ya kwenye damu tu. Samaki wengi wa mifupa wanavyo vyote viwili kama sisi. Yaani huo mwili ulikuwa unakwepa adui mamilioni ya miaka kabla ya vikoba, utaukemeaje leo?

Unachoweza kukishika ni pumzi. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono, pale upande wa kidole gumba penye mapigo, vuta pumzi taratibu yataongezeka kidogo, itoe yatapungua, hapo vagasi inafanya kazi. Basi kabla hujasimama kaa dakika kadhaa unatoa pumzi ndefu kuliko unayovuta, piga funda la maji, halafu anza na mahesabu unayoyajua kwa kichwa.

Ila kama moyo unakimbia hata umejilaza, au kifua kinauma, au unazimia, nenda hospitali wakupime moyo na tezi ya shingo.